Heko, Wahifadhi wa Garden Avenue

Nawapongeza kwa moyo wote watu wa WCST, chama cha wahifadhi kilichoanzishwa mwaka 1988 na kuweka ofisi Garden Avenue, hapa hapa Posta, Dar es Salaam. Waliitetea misitu ya pwani, Pugu na Kazimzumbwi, huku wengine wakiiona mkaa mtupu.

Kuitetea misitu ni kumtetea chui pia, maana chui bila kichaka hana maisha. Huwinda peke yake, aghalabu usiku. Hunyata, hunyata, hadi karibu kabisa, kisha hulipandisha windo mtini fisi wasilifikie. Mti ukikatwa, ghala lake limebomolewa.

Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, chui waliwindwa kwa kampeni, wakituhumiwa kufugwa na wachawi. Bara bado tunao, na kazi ya watetezi wa misitu kama hawa imechangia.