Msichana wa Ipanema Sasa Anaongea

Hata kama hujui jina lake, umeshausikia kwa lifti ama ukingoja simu ya benki. Garota de Ipanema, bossa nova ya 1962. Tom Jobim na Vinicius de Moraes waliutunga: wanaume wawili, msichana anapita kwenda baharini, wanamtazama. Yeye hasemi kitu.

2021, Anitta akairudia melodi hiyo juu ya midundo ya trap, akaimba kwa Kiingereza, akauita Girl from Rio. Mimi nilikuwa tayari kuuchukia.

Na kuna sababu. Bossa nova ni samba iliyopunguzwa sauti. Dole gumba linashika besi kama ngoma, vidole vingine vinakuja kabla ama baada ya mdundo, na mwimbaji anajikokota nyuma yao kama mtu asiye na haraka. Utamu uko hapo. Kwa Anitta, trap ndiyo imeshika usukani, na melodi imenyooshwa ikae sawa nayo. Kama kesi ni ya gitaa, ameshindwa.

Lakini skiza anachosema. Anitta alilelewa Honório Gurgel, mtaa wa watu wa kawaida, mbali na ufuo wa Ipanema, na anautaja kwa wimbo. Ati Rio mnayoiota siyo hiyo anayotoka yeye. Baada ya karibu miaka 60 ya kutazamwa, msichana amepewa maiki.

Huku Tulia hiyo hesabu tunaijua. Benga ya Kikamba pia ilitafuta soko kubwa. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, miaka ya 70 na 80, waliimba Kikamba na pia Kiswahili, Kenya nzima iwaelewe. Gitaa halikuguswa, hata kwa Kiswahili unajua ni Ukambani. Kakai alibadilisha lugha akaacha vidole. Anitta alibadilisha lugha, akatoa vidole, lakini akageuza macho: anayetazamwa sasa ndiye anayetazama.

Hapo ndipo benga yetu inadaiwa. Nyimbo ngapi zinamtaja msichana kwa jina, zinamsifu, zinamlaumu kwa kuondoka, na hakuna anayemuuliza kwa nini aliondoka? Produsa wa Kitui akitaka kuchanganya benga na pop, aanzie hapo. Amuache aongee. Na tafadhali, gitaa lisikatwe.