Chanda chema huvikwa pete, nani hukivika?

Juma lililopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu swali jepesi. Walikuwa wamesoma Wasifu wa Siti Binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kuhusu yule mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja. Ni nini kilichomtoa Siti kwao Fumba na kumfikisha alikofika? Jibu likaja kwa sauti moja, kama lilivyokuwa likija miaka yote ambayo nimefundisha: bidii. Mmoja akaongeza kipaji. Mwingine, mpenda kupamba maneno, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikayaandika ubaoni, na nilikuwa karibu kuendelea na somo, binti mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono.

"Prof, na yule aliyemfundisha kuimba tumweke wapi?"

Darasa likacheka kidogo. Mimi sikucheka. Niligundua kwamba nimekifundisha kitabu hiki miaka mingi bila kumpa mtu huyo nafasi ubaoni.

Hebu tuikumbuke hadithi yenyewe. Siti alizaliwa Fumba, shamba, kisiwani Unguja, takriban mwaka wa 1880. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Kwao walikuwa watu wa jembe na udongo: kulima na kufinyanga. Hakusoma shule. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchukua vyungu na kuvitembeza kwa miguu hadi mjini, akiviuza. Na ili wanunuzi wajue amefika, alivinadi kwa kuimba. Mwaka wa 1911 akahamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki, ambaye aliisikia sauti hiyo na akaona kuna kitu. Akaanza kumfunza kuimba kwa mizani ya taarab, akamfunza na Kiarabu, lugha ambayo taarab ya wakati ule iliimbwa kwayo. Kisha akamjulisha kwa wenzake. Kundi likaundwa: Maalim Shaaban, Buda Swedi, Mbaruk Talsam, Subeti Ambari. Mwaka wa 1928 walikuwa Bombay, India, wakirekodi santuri, na Siti akaimba kwa Kiswahili. Alifariki mwaka wa 1950.

Sasa itazame hadithi hii jinsi tunavyoizoea kuisimulia: alikuwa maskini, akajitahidi, akafaulu. Chungu kinakuwa alama ya umaskini tu, kitu cha kuachwa nyuma upesi iwezekanavyo. Muhsin anakuwa bahati, kama mtu aliyeokota shilingi njiani. Nadhani tunakosea yote mawili.

Tuanze na chungu. Mtu anayenadi bidhaa barabarani hujifunza mambo ambayo hayafundishwi chumbani. Hujifunza kuitupa sauti ifike nyuma ya ukuta, bila kupasuka. Hujifunza kupumzisha pumzi huku amebeba mzigo. Hujifunza kusoma mtaa: hapa wanapenda mzaha, pale wanataka upole. Hujifunza, zaidi ya yote, kwamba asiposikilizwa hatakula. Siti alipofika mbele ya wapiga udi na fidla, hakuwa mwanagenzi asiyejua kitu. Alikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi, ila hayakuitwa mazoezi. Yaliitwa kuuza vyungu.

Lugha yetu inalo neno zuri kwa kazi za namna hii: kibarua. Kwa asili ni barua ndogo, kile kipande cha karatasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha kwamba amefanya kazi yake, akapate ujira. Siku hizi tunalitamka kwa kudharau, eti "nafanya kibarua tu". Lakini barua, hata ikiwa ndogo, imeandikwa kitu ndani yake. Swali ni nani ataisoma.

Ndipo tunapofika kwa Muhsin. Watu wangapi waliisikia sauti ile ikipita mitaani kabla yake? Naamini ni wengi, maana haikuwa ya kunong'ona. Waliisikia, wakanunua chungu, wakaenda zao. Na kuna waliomkejeli hata alipokwisha kupata jina, wakamkumbusha kaniki na ushamba wake kwa nyimbo, naye akawajibu kwa nyimbo. Tofauti ya Muhsin ni kwamba aliisikia sauti, kisha akatoa muda wake. Kusifu ni rahisi. Kumketisha mtu chini na kumrudisha kwenye neno lile lile mpaka alitamke vizuri, hiyo ni kazi.

Hata jina lenyewe linatuambia. Siti ni lakabu ya heshima, maana yake bibi, mwanamke mtukufu. Mtu aliyezaliwa akaitwa Mtumwa hakujiita Siti mwenyewe; aliitwa na watu. Tunapenda kusema chanda chema huvikwa pete, na tunaishia kwenye wema wa chanda. Mimi kama mtu wa sarufi nimechelewa kuona kauli iliyomo: huvikwa. Ni kauli ya kutendwa. Chanda hakijivishi.

Tena, Kiswahili hakina neno moja lililotulia kwa kile ambacho Waingereza hukiita kwa neno lao moja, hamu ya mtu ya kufika mbali. Tuna azma, tuna ari, tuna nia. Tuna pia tamaa, na hili ndilo linalonivutia. Tamaa ni mbaya: tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mtu anapoikosa tunamsikitikia: amekata tamaa! Neno lile lile. Na tazama zaidi: tunasema fulani amemkatisha fulani tamaa, fulani amemtia moyo, amempa shime, amemshika mkono. Katika misemo hii yote pana watu wawili. Wazee walioiunda lugha hii hawakudhani kwamba mtu huota hamu ya maisha peke yake, kama uyoga. Walijua huitiwa ndani, au hukatwa, na mtu mwingine.

Je, Shaaban Robert mwenyewe aliliona hili? Nasema aliliona nusu. Yeye ni mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mwandishi wa wasifu. Akipata kisa, husimama hapo atoe funzo, na funzo analolipenda ni kwamba mtu duni aweza kutukuka kwa tabia njema na juhudi. Ni funzo la haki. Lakini linaifanya hadithi ing'ae juu na kuacha kiza chini, mahali ambapo kazi ilifanyika. Ningetoa vingi kupata kurasa 10 tu za masomo yale: walikutana saa ngapi, Siti alikosea wapi, nani alimkosoa, alijibu nini.

Na jambo la ajabu ni kwamba maisha ya Shaaban Robert yanatoa ushahidi ule ule. Mwaka wa 1926, akiwa kijana wa miaka 17, aliajiriwa karani katika idara ya forodha ya Tanganyika. Akakaa huko hadi 1944, kisha akahamia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga, na ofisi ya upimaji ardhi. Ni maisha mazima ya majalada, ripoti na mabwana wakubwa. Sasa soma Kusadikika, riwaya yake ya 1951. Ni hadithi ya kesi: mshtakiwa Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarejea na taarifa nzuri, wakatiwa gerezani. Nani angeiwaza hadithi kama hii isipokuwa mtu aliyezoea kuona taarifa ikipanda ngazi za ofisi na asijue itapokewaje huko juu? Wahakiki tumeihusisha riwaya hiyo na siasa ya ukoloni, na ni sawa. Lakini meza ya karani nayo imo.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi umaskini ni shule nzuri, wala simwambii kijana mwenye digrii ashukuru kwa kusukuma mkokoteni. Njia ile ya Fumba ilipitwa na wanawake wengi wenye vyungu kichwani, na bila shaka baadhi yao walikuwa na sauti. Majina yao hatuyajui. Bidii walikuwa nayo, tena ya kutosha. Ndiyo maana jibu la bidii pekee linanikera: linawahukumu wale wengine wote, kana kwamba hawakuinama vya kutosha kupata cha mvunguni.

Mimi mwenyewe nilianza dukani. Nilipokuwa na miaka 13 hivi, nilikuwa nikipima sukari na mafuta ya taa wakati wa likizo kwa mzee mmoja asiyejua kusoma. Gazeti lilifika kwa basi likiwa limechelewa siku mbili, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kulisoma kwa sauti, wazee wakiwa wameketi barazani. Siku moja nikakutana na neno mswada. Mzee akauliza, "Mswada ni nini, kijana?" Nikaona haya kusema sijui. Nikajibu ni barua ndefu. "Barua gani hiyo isomwe mara tatu bungeni?" Baraza likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaniambia, "Kesho kamuulize mwalimu, kisha uje utuambie sote." Nilikwenda, nikarudi na maana. Tangu siku hiyo ikawa desturi: neno gumu leo, maana yake kesho. Kama kuna mahali uprofesa wangu ulipoanzia, ni pale, kati ya pipa la mafuta na mizani.

Basi mtu angetarajia kwamba mimi ningekuwa Muhsin wa wengine. Miaka mingi iliyopita alinijia mwanafunzi ambaye wikendi alikuwa makanga wa matatu, akijitafutia karo. Alitaka kuandika tasnifu kuhusu namna makanga wanavyowaita abiria: mdundo, mzaha, jinsi majina ya vituo yanavyokatwa na kuungwa upya. Nikamwambia chuo kikuu si steji. Nilimpa mada nyingine, ya heshima. Aliipokea kwa adabu, akaandika sura mbili, kisha sikumwona tena. Karo nayo huenda ilikuwa na neno lake, siwezi kudai yote ni mimi. Lakini wiki hii nimemwaza sana. Kijana yule alikuwa akinadi kwa sauti, kama Siti na vyungu vyake. Alikuja akimtafuta Muhsin, akanikuta mimi.

Hili si jambo la majuto tu. Ni jambo la uhakiki pia. Tukisoma wasifu kama hadithi ya mtu mmoja na bidii yake, tunajiondolea lawama sisi tulioketi upande wa pili wa meza: walimu, wahariri, waajiri, wazazi. Aliyefaulu alijitahidi, aliyeshindwa hakujitahidi, sisi hatumo. Wasifu uliosomwa vizuri huturudisha ndani ya hadithi.

Jumatatu nitawarudishia wanafunzi swali lile lile, ila nimelirefusha: ni nini, na ni nani, waliomtoa Siti Fumba? Yule binti wa nyuma ndiye nitakayemwomba aanze.