Pete Nyeupe kwenye Jani la Saintpaulia

Mwenye Saintpaulia dirishani akiona pete nyeupe na michirizi ya manjano juu ya majani, hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Namsihi asubiri, kwani mara nyingi hakuna ugonjwa wowote hapo.

Ua hili asili yake ni misitu ya milimani ya Tanzania na Kenya. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani, aliliona Usambara mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Huko kwao hukaa kivulini, penye unyevu na joto lisilopandashuka ghafla, na hapo ndipo udhaifu wake unapoeleweka.

Jani lililopata joto la dirishani likimwagiwa maji yaliyo baridi kulizidi kwa nyuzi 8 hivi au zaidi, seli zilizo chini ya ngozi ya juu hupasuka ndani kwa ndani. Utomvu wenye asidi uliokuwa umehifadhiwa katikati ya seli humwagika na kuharibu klorofili. Ngozi yenyewe hubaki nzima, ndiyo maana ukipapasa baka hulihisi laini kama sehemu nyingine ya jani.

Basi soma umbo. Baka la maji hufuata njia ya tone: pete pale lilipotua, mchirizi pale lilipoteleza. Lipige picha, ulitazame tena baada ya wiki. Lisipokua hata kidogo, kesi imekwisha. Ukungu hupanuka, katikati hukauka na kuwa kahawia, wakati mwingine na vidoti vyeusi. Bakteria huacha doa la majimaji lililozungukwa na manjano. Vitone vidogo mno vyenye utando chini ya jani ni kazi ya utitiri, na hao dawa ya ukungu haiwagusi.

Tiba ya pete ni kubadili umwagiliaji. Acha maji ndani ya nyumba usiku kucha yalingane na joto la chumba, kisha yatie kwenye kisahani chini ya chungu. Baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki, maana mizizi hii huoza upesi. Pete za zamani hazitafutika, lakini jani bado linafanya kazi, na hata ukilikata na kikonyo chake ukalichomeka kwenye udongo mwepesi, litakuzalia mche. La ukungu au bakteria ndilo la kukata na kutupa mbali, chungu kikitengwa na vingine.