"Ukarabati" wa Injini za Ndege: Neno Moja, Kazi Tatu

Miongoni mwa maneno yanayotumika ovyo katika uwanja wa ufundi ni hili la "ukarabati". Nyumba hukarabatiwa, barabara hukarabatiwa, na injini ya ndege vilevile. Kwa nyumba utata huo hauna madhara makubwa. Kwa injini ya pistoni iliyo kuukuu, twaona kwamba neno hili hufunika kazi tatu zisizolingana, na hasara yake humfika aliye angani.

Kazi ya kwanza ni matunzo: kubadili oili kila baada ya saa 50 hivi, kusafisha plagi, na kukagua kila baada ya saa 100. Ya pili ni kuifungua injini yote, kuisafisha, kuipima, kubadili kilichochakaa, kuifunga na kuijaribu. Ya tatu ni kuiunda upya kwa vipimo vya injini mpya. Kwa kanuni za Marekani, kiwanda chenyewe au wakala wake aliyeidhinishwa ndiye awezaye kuianzishia kitabu kipya chenye saa sifuri. Asomaye "imekarabatiwa" atajuaje ni ipi iliyofanywa?

"Saa za uhai" nalo lina kasoro. Injini ya Continental IO-520, iliyofungwa katika Cessna 206 nyingi, ilipangiwa saa 1,700. Nyingi za Lycoming O-360 zilipangiwa 2,000. Na viwanda vyote viwili hutaja pia miaka 12. Huo ni ukomo wa kufunguliwa, si wa kufa. Tena neno hili humfanya mtu ahesabu saa peke yake, ilhali injini ikaayo miaka bila kuruka huliwa na kutu ndani ya silinda.

Msafiri wa Katandala, mjini Sumbawanga, ana sababu ya kulijali jambo hili. Uwanda wa Ufipa hapo una kimo cha mita 1,800 hivi. Katika hewa hiyo nyepesi, injini isiyoshindiliwa hewa hupoteza karibu humusi ya nguvu zake hata ikiwa nzima. Iliyochakaa haina akiba.

Mafundi wa magari husema "kushusha injini" au "kufanya ovahoo". La kwanza hutaja hatua moja tu, kwani injini yaweza kushushwa ili iondolewe kabisa. La pili laeleweka karakana, lakini halinyambuliki. Sisi twapendelea "ufumuaji". Wako watakaosema kufumua ni kuharibu. Lakini msusi hufumua ili asuke upya, na hiyo ndiyo maana itakiwayo. Hapo twapata "kipindi cha ufumuaji" na "saa tangu ufumuaji". "Matunzo" yabaki kwa kazi ya kwanza, "uundaji upya" kwa ya tatu, na "ukarabati" uachiwe majengo na barabara.

Twawaomba mafundi na marubani wayapime maneno haya katika vitabu vyao vya kazi kabla hayajasanifiwa.