Akodiani Kuukuu Kutoka Leipzig Hadi Unguja

Anayenunua akodiani iliyotumika kutoka ng'ambo hulipia kitu asichoweza kukishika wala kukijaribu. Ndiyo maana biashara hii, kuanzia bei hadi bima na ushuru, husimama juu ya karatasi moja: taarifa ya ukaguzi iliyoandikwa kwa ukweli kabla chombo hakijafungwa. Nimelishuhudia hilo katika mauzo ya akodiani ya Weltmeister iliyoundwa Klingenthal enzi za Ujerumani Mashariki. Muuzaji alikuwa mama mmoja mjane wa Leipzig, mnunuzi mpigaji wa taarabu wa Unguja. Mimi nilisimama katikati: nilikagua, nilifunga na nilijaza fomu.

Haja ya chombo hiki Unguja inaeleweka. Katika taarabu asilia akodiani hukaa pamoja na fidla, kanuni na udi, na vikundi vikongwe kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club vimeitumia kwa miaka mingi. Lakini akodiani zote hutoka nje, na mafundi wanaoweza kuifungua na kuirekebisha ni wachache. Kasoro ambayo fundi wa Klingenthal huimaliza mara moja inaweza kukinyamazisha chombo Unguja kwa muda mrefu. Kwa hiyo kipimo cha mauzo haya ni hali ya akodiani inapofunguliwa Unguja, hata kama ilitoka Leipzig ikiwa nzima.

Tuanze na kilichomo ndani. Hii ni akodiani ya piano ya ukubwa kamili: vibao 41 mkono wa kulia na vitufe 120 mkono wa kushoto. Sauti hutoka kwenye ndimi nyembamba za chuma. Kila noti ina ndimi mbili katika kila safu, mmoja wa kuvuta mivukuto na mmoja wa kusukuma. Upande wa kulia una safu nne, hivyo 41 mara 4 mara 2 ni ndimi 328. Upande wa besi una noti 12 katika safu tano, hizo ni ndimi 120. Jumla ni ndimi 448. Ndimi hizo hukaa juu ya visahani vya chuma, na visahani vimegandishwa kwenye vibao vya mbao kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msonobari. Juu ya ndimi kuna vipande vidogo vya ngozi vinavyozuia hewa isipotee.

Hapo ndipo hatari ya safari ilipo. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini hulainika mapema zaidi, na kontena lililoachwa juani linaweza kupita nyuzi 50 ndani yake. Baridi nayo huigumisha nta ikawa kama kioo, na kishindo kimoja huipasua. Unyevu huzitia kutu ndimi, na ulimi wenye kutu hupoteza sauti yake. Ngozi hupinda chombo kikilazwa vibaya kwa muda mrefu.

Ukaguzi ulifuata hatari hizo moja baada ya nyingine. Kwanza mivukuto: nililegeza mikanda yake, nikakishika chombo upande mmoja bila kubonyeza kibao chochote, nikaangalia upande wa pili unavyoshuka. Mivukuto mizima hushuka polepole sana, inayovuja huanguka. Kisha kila kibao na kila kitufe, kwa kuvuta na kwa kusukuma, katika kila swichi ya sauti, huku simu ikirekodi mfululizo bila kukatwa. Mwisho nilichomoa pini za mivukuto, nikafungua na kupiga picha ndani. Nta nzima hung'aa kidogo na huwa na rangi ya asali. Iliyochoka huwa na weupe, imepasuka, na ukiigusa kwa kucha hutoka vumbi.

Kulikuwa na swali moja ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: akodiani imewekwa kwenye sauti ya kiasi gani? Nyingi za Ulaya huwa na A ya hezi 442 badala ya 440. Mpiga fidla husogeza kidole, na mpiga kanuni hukaza nyuzi zake. Mpiga akodiani hawezi kufanya lolote. Ili sauti ipande lazima ulimi ukwanguliwe karibu na ncha. Ili ishuke, karibu na shina. Ni kazi ya fundi, ulimi kwa ulimi. Tulipima na kuandika.

Kabla ya kutaja bei, mnunuzi alinipigia simu. "Kaka, usinifiche kitu," alisema. "Kama kuna ulimi unaokwama nambie sasa hivi, maana huku fundi simpati." Nikamtumia orodha: ndimi mbili zinazokwama wakati wa kuvuta, nta iliyopasuka kwenye kibao kimoja cha mbao upande wa besi, na mkanda wa bega uliochakaa. Mkanda ulipunguziwa bei ukaachwa. Ndimi na nta zilipelekwa kwa fundi hukohuko, gharama ikagawanywa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu nta iliyopasuka isingestahimili kupakiwa na kupakuliwa. Visahani vingeng'oka njiani, na hakuna ambaye angejua kosa ni la nani.

Ufungaji una kanuni zake. Mivukuto hufungwa kwa mikanda yake ili isifunguke. Sponji huwekwa juu ya vibao ili visirukeruke. Nafasi zote ndani ya sanduku la akodiani hujazwa mpaka ukilitikisa usisikie kitu. Sanduku hilo huingia kwenye boksi gumu, na kuta zote sita hupewa sponji ngumu. Chengachenga za plastiki hazifai, kwa sababu husogea na kuacha pengo, na zikipenya ndani hukwama kwenye mitambo. Upande wa kuogopewa zaidi ni wa besi: chombo kikiangukia hapo, vitufe huzama na fimbo zake hupinda. Mshale wa "juu" huandikwa, lakini boksi lifungwe kama vile hakuna atakayeusoma. Vifuko vya kunyonya unyevu viliwekwa pia.

Boksi lilikuwa na sentimita 60 kwa 55 kwa 40, na kilo 17 kwenye mizani. Wakala wa kwanza alitutajia nauli ya kilo 17, kisha ankara ikaja na uzito mwingine kabisa, unaotokana na nafasi ambayo boksi linachukua. Hesabu yenyewe si siri: zidisha urefu, upana na kimo, ugawanye kwa 5,000 kwa kampuni za vifurushi vya haraka. Hapa ni 132,000 gawanya kwa 5,000, yaani kilo 26.4. Mzigo wa kawaida wa ndege hugawanywa kwa 6,000, na unapata kilo 22. Akodiani ni chombo kipana chenye hewa nyingi ndani, hivyo mara nyingi utalipia nafasi badala ya uzito. Uliza hesabu hiyo kabla ya kukubaliana bei, na chukua jibu kwa maandishi.

Njia nyingine mbili tuliziacha. Kontena la kuchangia ni nafuu, ila wiki za joto na unyevu ni adui wa nta na chuma. Kumpa msafiri kunavutia, kwani boksi hili, likijumlishwa pande zake, lina sentimita 155, chini ya 158 ambazo mashirika mengi ya ndege huruhusu. Lakini anayebeba lazima ajue kilichomo na aweze kukitolea maelezo, na mzigo ukiharibika mwenye haki ya kudai ni abiria. Mnunuzi alitaka karatasi zenye jina lake. Tukachagua mzigo wa ndege hadi Uwanja wa Abeid Amani Karume, tukangoja kipupwe, wakati Ulaya hakuna baridi kali na Unguja masika yamekwisha.

Bima isichukuliwe kwa wepesi. Chini ya Mkataba wa Montreal, kwa viwango vya tangu mwisho wa 2024, dhima ya shirika la ndege kwa mzigo ina kikomo cha SDR 26 kwa kilo (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), isipokuwa thamani imetangazwa mapema na kulipiwa. Kilo 17 ni SDR 442 tu. Na malalamiko ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokewa.

Kwenye forodha jina la kitu lina uzito. Akodiani isiyo ya umeme imo katika fungu la 9205, pamoja na tarumbeta na klarineti. Ukiandika "kinanda" peke yake, afisa anaweza kuiweka 9201 pamoja na piano, au 9207 pamoja na vyombo vya umeme. Tuliandika: akodiani ya piano, isiyo ya umeme, iliyotumika, besi 120, na bei iliyolipwa. Kwa upande wa Ulaya, mzigo wa biashara unaopita euro 1,000 huhitaji tamko la kielektroniki la kusafirisha nje. Wapo waliotushauri tuandike "zawadi" na bei ndogo. Huo ni udanganyifu, na pia ni hasara: ukitangaza bei ndogo, bima nayo italipa kidogo, na risiti yako halisi itakuwa ushahidi dhidi yako.

Masharti ya malipo yaliandikwa kabla ya fedha kutumwa: sehemu ya kwanza baada ya video na picha, iliyobaki mzigo unapokabidhiwa wakala na namba ya kuufuatilia kutolewa, tangu hapo hatari ni ya mnunuzi, na bima ni kwa jina lake. Boksi lilipofika liliachwa limefungwa hadi siku ya pili, ili chombo kilichotoka kwenye ubaridi wa ndege kisipatwe na umande ndani. Kisha lilifunguliwa mbele ya kamera, na kila kibao kikapigwa kwa mpangilio uleule wa Leipzig. Ndimi zote zililia.

Hukumu yangu ni hii. Orodha ileile ya ukaguzi ilipanga bei, ikaamua kipi kitengenezwe, ikajaza fomu ya forodha, ikawa ushahidi wa bima, na ikatumika kupokelea mzigo. Muuzaji asiyetaka kuiandika asiuze ng'ambo. Na wewe unayetafuta akodiani kwa ajili ya kikundi chako, usitume hata shilingi moja mpaka umesikia kila kibao kikivutwa na kusukumwa, na umeona nta kwa macho yako.