Dawati la Nyuma

Katika shule moja ya Kabiria, wadi ya Riruta, Nairobi, kuna mwalimu mkongwe ambaye wenzake humwita Madam tu, na nimepata nafasi ya kumtazama mara nyingi akiwalea walimu wapya. Huingia darasani pamoja na watoto, si baada yao, akaketi dawati la nyuma na kufungua daftari. Ukurasa ameugawa kwa mstari wa wima. Kushoto huandika anachofanya mwalimu, kulia wanachofanya watoto. Haandiki alama, wala neno "vizuri" wala "vibaya". Kipindi kikiisha, upande wa kulia huwa umejaa maradufu ya ule wa kushoto, kwa maana macho yake hayakumwandama mwalimu.

Chini ya ukurasa amechora ramani ya madawati. Kila mtoto anapojibu, Madam hutia nukta. Baada ya dakika 35 nukta zimerundikana safu mbili za mbele na kwenye ukanda wa katikati. Pembeni na nyuma ni kweupe. Mwalimu mgeni, aliyetoka chuoni juzi, angeapa kwamba amewauliza wote. Madam humsogezea daftari na kuuliza swali moja: "Mwalimu, leo ni nani hukumsikia?" Kisha hunyamaza, naye akinyamaza huwa amenyamaza kweli, mpaka kijana aanze kutaja majina.

Ustadi wake ninauona hasa katika yale asiyoyasema. Ameona mambo kumi: ubao uliosongamana, mfano wa pili uliokuwa mgumu kuliko wa kwanza, maelekezo yaliyotolewa watoto wakiwa bado wanatafuta penseli. Atasema moja. Huchagua lile ambalo kijana anaweza kulirekebisha kesho asubuhi, na ambalo likirekebika litavuta mengine mawili matatu nyuma yake. Anayepewa yote kumi kwa mkupuo huondoka na lile lililomchoma, na mara nyingi silo lenye manufaa.

Chaguo lake la kwanza, kwa wengi, huwa ni kusubiri. Mwalimu mpya huuliza swali, asipopata jibu papo hapo hulijibu mwenyewe au humgeukia yule mtoto hodari. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili miongo kadhaa iliyopita, akakuta kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi au pungufu. Walipofikisha tatu, majibu ya watoto yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Madam hazungumzii utafiti. Humwambia kijana auweke mkono wake juu ya meza baada ya swali, asiuinue mpaka ahesabu tatu kimoyomoyo. Jambo dogo la mwili, lakini mwili hukumbuka pale ambapo woga umeifuta akili.

Kabiria nayo ina mafunzo ambayo hayamo katika andalio la somo. Madarasa mengi mtaani ni ya mabati, na masika yakifika mvua huzima sauti ya mwanadamu. Kijana hupiga kelele, watoto nao hupiga kelele wakidhani ndiyo desturi mpya. Siku moja ya namna hiyo nilimwona Madam akitoka nyuma, akachukua chaki bila kusema lolote na kuandika ubaoni sentensi yenye pengo. Watoto wakainama kuijaza. Aliandika ya pili, akamkabidhi kijana chaki, akarudi kuketi. Somo liliendelea kimya kimya hadi mvua ilipopungua, na kijana alikuwa amejifunza mbele ya darasa lake bila kuaibishwa mbele ya darasa lake.

Watoto wa hapa huja na Sheng ya barabarani, Kikuyu au Kiluhya cha nyumbani, na Kiingereza cha vitabuni. Mtoto husema, "Madam, hii kitabu imeraruka." Mwalimu mgeni, ngeli zikiwa bado moto kichwani, humkatiza na kumrudisha nyuma, na baada ya wiki moja darasa zima limejifunza kufunga mdomo. Madam humwonyesha njia nyingine: "Kitabu hiki kimeraruka ukurasa gani?" Mtoto naye hujibu, "Kimeraruka hapa katikati." Amejisahihisha bila kujua, na mazungumzo hayakukatika. Kalamu nyekundu inasubiri insha, na huko Madam hana msamaha.

Kuna ugumu ambao chuo hakimwandai mtu kuukabili. Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari msingi, ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, wanagenzi wa TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, waliletwa kwa maelfu, wenye digrii ama diploma, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wengi walijikuta wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea, katika shule ambazo wakongwe wake wana cheti cha P1, cha ualimu wa shule ya msingi. Mwaka 2024 mambo yalifika hadi mgomo, vijana wakidai ajira ya kudumu na sekondari msingi iliyo na usimamizi wake. Katika hali hiyo mwenye P1 anamleaje mwenye digrii? Madam huanza kwa kuomba afundishwe. Humtaka kijana wa sayansi amweleze sakiti ya umeme, na humsikiliza kwa makini hasa, kwa sababu anataka kuijua. Akishaelewa, husema wapi alipotea katikati ya maelezo. Hapo kijana amekwisha kupata funzo lake la kwanza la ualimu, na heshima yake iko palepale.

Nchi yetu imewahi kuifanya kazi hii kwa mpango mkubwa. Mradi wa PRIMR wa kusoma na hisabati, kisha ule wa usomaji wa Tusome ulioenea nchini kuanzia 2015, uliwapeleka washauri darasani, Nairobi ikiwemo pamoja na shule za ada nafuu mitaani. Mshauri alitazama somo akiwa na tableti, mwishoni akawasikiliza watoto watatu wakisoma. Kigezo cha usomaji fasaha kilikuwa maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, na 65 ya Kiingereza. Ninachokiheshimu katika utaratibu ule ni kwamba ushauri ulianzia kinywani mwa mtoto.

Ila tangu TPAD, mfumo wa TSC wa kutathmini utendaji wa walimu, ianze mwaka 2016, mtu akiketi nyuma ya darasa mwalimu huwaza alama na faili. Madam analijua hilo. Mwisho wa mazungumzo huuchana ukurasa ule, wenye ramani na nukta zake, akampa kijana. Habaki na nakala. Nimeona mabega ya watu yakishuka wakati huo, na wiki inayofuata wao ndio humwita.

TSC ina mpango wa kuwapokea na kuwanoa walimu wapya, nao ni mwelekeo mwema. Lakini ratiba ya Madam haijapunguzwa hata kipindi kimoja. Dawati la nyuma hulikalia wakati ambao angesahihisha madaftari, na madaftari huyabeba jioni hadi nyumbani. Apunguziwe vipindi viwili kwa juma, kijana naye viwili, ili yeye amtazame kijana kimoja na kijana amtazame yeye kingine, na katika kimoja kinachosalia kwa kila mmoja waketi pamoja, ukurasa ule ukiwa mezani. Mwalimu mkuu mwenye nia anaweza kuvipata akipanga ratiba mwezi Desemba, kabla wageni hawajaripoti.