Hongera, Mshenga wa Kimwani

Babu zetu wa Kimwani, huku Muleba kando ya Ziwa Victoria, hawakujipeleka ukweni kuposa. Alitangulia mshenga, mtu mzima mwenye kauli tamu na kifua cha kutunza siri. Aliketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akakaribishwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akatafuna taratibu kabla ya kutaja kilichomleta. Rubisi, pombe ya ndizi na mtama, ilinywewa posa ikishakubaliwa. Lakini ninapomvulia kofia hasa ni baada ya harusi. Mke akikasirika na kurudi kwao, mshenga yuleyule alifunga safari tena, akabisha hodi, akawasikiliza mke na mume bila kupendelea upande.